Jeraha Dogo Lisidharauliwe

MIFUGO NA NYUMBA
Na Mwandishi Wetu wa Mambo ya Mifugo

Juma hili, ndugu wasomaji, twataka kueleza habari za ugonjwa ambao wengi wetu tumeusikia kwa jina tu, yaani kichaa cha mbwa. Karani aweza kushika kalamu ofisini miaka 20 asikutane na mtu hata mmoja aliyepatwa nao. Mkulima aweza kufuga ng'ombe tangu ujana hata uzee asiuone zizini mwake. Kwa hiyo watu husema, "Jambo hilo li mbali nasi," na mtoto akikwaruzwa na kijibwa hufungwa kitambaa kidoleni, na habari zikaishia hapo.

Lakini ugonjwa huu haupimwi kwa kipimo cha magonjwa mengine. Mgonjwa wa malaria akipewa dawa mapema hupona. Mwenye kuhara akinyweshwa maji ya chumvi na sukari huinuka kitandani. Bali mtu aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa, karibu kila mara hufa, hata akilazwa katika hospitali kubwa kupita zote duniani. Uchache wake machoni petu si kinga. Kinga imo katika zile saa na siku chache baada ya jeraha, wakati mtu angali mzima na hasikii ugonjwa wowote.

Habari zake katika Kenya

Katika nchi hii ugonjwa ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa mmoja kandokando ya Nairobi. Mtu wa kwanza kuandikwa kuwa ameuawa nao alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria, mwaka wa 1928. Tangu hapo haujaondoka. Serikali ilipotoa mpango wake wa kuukomesha, yaani mpango wa mwaka wa 2014 hadi 2030, ilikadiriwa kwamba huenda watu wapatao 2,000 hufa nao kila mwaka katika Kenya. Duniani kote hesabu hukadiriwa kuwa watu 59,000 kwa mwaka, na walio wengi ni wa Afrika na Asia. Tena, katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama washukiwao, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Msomaji atauliza: ikiwa hesabu ni kubwa hivi, mbona hatuwaoni wagonjwa hao? Jibu ni kwamba wengi hufia nyumbani, mbali na hospitali. Wengine hudhaniwa wamerogwa au wamepagawa na pepo. Wengine huandikwa kuwa na malaria iliyopanda kichwani. Mwili huzikwa, na jina la ugonjwa halitajwi. Ndugu zetu makarani walijua jambo hili vizuri kuliko sisi: kisichoandikwa daftarini hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hudhaniwa hakipo.

Adui asafirivyo mwilini

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho kirusi, nacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya meno, au ukucha uliolowa mate, au ulimi ukilamba mahali palipochubuka, au mate yakirukia jichoni au kinywani. Mbwa akikulamba ngozi nzima isiyo na mchubuko wowote, nawa tu. Hapo hapana hatari.

Kirusi hiki hakipiti katika damu kama vijidudu vya malaria. Hushika mishipa ya fahamu, na kwa mishipa hiyo hupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3. Huweza kuwa juma moja tu, na huweza kufika mwaka mzima. Jeraha la usoni, kichwani au shingoni ni la kuogopwa zaidi, kwa kuwa njia ya kwenda ubongoni ni fupi; na kwa sababu hiyo mtoto, ambaye uso wake uko karibu na kinywa cha mbwa, yumo hatarini kuliko mtu mzima.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kidonda hupona vizuri, hata kovu halionekani. Mtu hulima, hucheka na kula na watoto wake, na huku adui anapanda hatua kwa hatua. Siku moja huona homa na mwasho au ganzi pale pale alipoumwa zamani. Kisha huingiwa na wasiwasi na hofu. Akiletewa maji koo lake hukazana kwa maumivu, na hata upepo ukimpiga usoni hushtuka. Wengine hawana fujo yoyote, bali viungo hulegea kidogo kidogo hata pumzi ikakatika. Hapo tiba imekwisha kupitwa na wakati.

Wako watu wachache mno waliopona baada ya dalili kuonekana. Anayetajwa zaidi ni msichana wa miaka 15 wa Wisconsin, Marekani, aliyeumwa na popo mwaka wa 2004, akalazwa usingizi mzito wa dawa, akaokoka bila chanjo. Wagonjwa wengi walijaribiwa njia ile ile baadaye, nao wakafa. Basi mtu asiweke tumaini lake hapo.

Visa vinne vya nadra

Hebu tuvitazame visa vinne visivyo vya kawaida, maana kila kimoja kina fundisho kwa nyumba zetu.

Cha kwanza ni cha mwaka wa 2019. Mwanamke kijana wa Norwe alikwenda Ufilipino kutembea, akaokota kijibwa kando ya njia, akakitunza na kucheza nacho. Kijibwa kikamtia mikwaruzo midogo kama ilivyo desturi ya vijibwa. Hakudhani kuwa ni kitu. Aliporudi kwao akaugua, akafa mwezi wa Mei. Na katika nchi ya Norwe ugonjwa huu ulikuwa haujaua mtu kwa muda wa miaka zaidi ya 200. Fundisho: udogo wa mbwa si udogo wa hatari. Kijibwa ambacho hakijachanjwa huweza kuwa na ugonjwa sawasawa na mbwa mkubwa.

Cha pili ni cha mwaka wa 2018, mtu mkazi wa Uingereza alipoumwa na paka katika nchi ya Moroko, akafa kwa kichaa cha mbwa. Fundisho: jina la ugonjwa lisitudanganye. Paka, punda, mbuzi, ng'ombe, mbweha, fisi na nguchiro, wote huweza kuupata na kuutoa. Ni kweli kwamba katika kila vifo 100 vya watu, karibu 99 huletwa na mbwa. Lakini paka alalaye jikoni na kuwinda vichakani usiku asiachwe nje ya hesabu.

Cha tatu kilitokea hapa hapa Kenya. Ulikuwa mwaka wa 2007, tena si zamani sana, mwanamke wa Uholanzi, naye ni daktari, alikuwa safarini katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Popo mdogo akamgusa usoni, akamwachia mikwaruzo 2 puani. Alirudi kwao, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akafa. Kirusi kilichomwua kilikuwa cha jamii moja na kirusi cha kichaa cha mbwa, kiitwacho Duvenhage. Mwaka wa 2009 wataalamu walikuta kirusi kingine cha ukoo huo katika popo wa mapango ya Shimoni, pwani ya kusini, nacho kikaitwa kwa jina la mahali hapo. Hatusemi popo wauawe, kwani hula wadudu waharibuo mimea. Twasema popo aliyeanguka chini, au arukaye ovyo mchana, asishikwe kwa mikono mitupu, na watoto waonywe.

Cha nne ni cha Texas, Marekani, mwaka wa 2004. Wagonjwa 4 walipewa viungo na mshipa wa damu vya marehemu mmoja, na wote 4 wakafa kwa kichaa cha mbwa. Baadaye ikajulikana kwamba marehemu aliwahi kuumwa na popo, ila habari hiyo haikuwa imefika kwa madaktari. Fundisho lake latufaa hata sisi tusio na hospitali za namna hiyo karibu: ukiumwa, sema. Mwambie mkeo, mumeo, mwalimu na mganga wa zahanati. Na mtoto akija kusema ameumwa, asikaripiwe kwa kumchokoza mbwa, asije akaficha jeraha la pili.

Zizini na uani

Mkulima hasa ana hatari moja ambayo haisemwi mara nyingi. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa si lazima awe mkali. Huweza kusimama peke yake, akaacha kula na kucheua, akatoa udenda mwingi, akashindwa kumeza, akalia kwa sauti nzito isiyo ya kawaida, na miguu ya nyuma ikayumba. Mwenyewe akimwona hivi husema, "Amesakamwa na kiazi," au "Kuna mfupa kooni," akakunja mkono wa shati na kuutia kinywani mwa mnyama hadi kiwiko. Mkono wa mkulima haukosi mchubuko wa jembe au mwiba, na mate yale ndiyo yenye kirusi. Basi ng'ombe, mbuzi au punda ashindwaye kumeza asiingizwe mkono kinywani. Atengwe, na daktari wa mifugo aitwe. Maziwa yake yasinywewe, wala asichinjwe nyama ikaliwa au kuuzwa.

Mbwa naye ana sura mbili. Mmoja huwa mkali, huuma vijiti na mawe na kila apitaye, hukimbia mbali na kwao bila kujua aendako. Wa pili hunyamaza, hujificha gizani, taya humlegea na ulimi kuning'inia kama aliyekwamwa na mfupa. Huyu wa pili huwadhuru wenye huruma. Tazameni hasa mabadiliko ya tabia: mbwa mkali akiwa mpole ghafula, na mpole akiwa mkali, na mnyama wa mwitu akiingia uani mchana bila kuogopa watu. Hayo yote ni kengele.

Ukiumwa, fanya haya

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Si kumwagia kikombe kimoja. Dakika 15 ni ndefu. Mtu aitazame saa, kwa maana sabuni huua virusi vingi kabla havijashika mishipa. Kisha tia dawa ya kuua vijidudu, kama aidini au spiriti, ikiwapo.

Pili, usitie pilipili, majivu, mafuta ya taa, ugoro wala maji ya betri. Vitu hivi huchoma nyama na kuisukuma sumu ndani, na kibaya zaidi humfanya mtu aamini kwamba amekwisha kutibiwa. Wala jeraha lisishonwe kwa haraka kabla ya mganga kulitazama.

Tatu, nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo. Daktari ataanza chanjo. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee walizihadithia zimekwisha pita. Siku hizi hudungwa mkononi, ya kwanza siku ile ile, nyingine siku ya 3 na ya 7, na za mwisho baadaye kwa kadiri ya utaratibu wa hospitali. Jeraha likiwa limetoa damu, au liko usoni, daktari huongeza dawa iitwayo imunoglobulini, ambayo ni kinga iliyo tayari, na hudungwa ndani ya jeraha lenyewe ili kumlinda mtu mpaka mwili wake utengeneze kinga yake. Sindano zote zimalizwe. Aliyedungwa moja akaacha kwa sababu kidonda kimekauka, amejenga ukuta wa nyumba bila paa.

Twajua kwamba dawa hizi wakati mwingine hukosekana katika zahanati ndogo, na pengine mtu hutakiwa kuzilipia. Akiambiwa hazipo, asirudi nyumbani kulala. Aulize zapatikana wapi, aende. Ikibidi kuuza mbuzi, auzwe. Mbuzi hununuliwa tena. Na aliyechelewa majuma kadhaa asikate tamaa. Maadamu dalili hazijaonekana, aende hata leo.

Nne, mbwa aliyeuma asiuawe ovyo na kutupwa. Akiweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi mateni siku aliyouma, na daktari aweza kusimamisha sindano. Lakini mtu asingoje siku 10 ndipo aanze tiba. Aanze kwanza, na mbwa atazamwe huku tiba ikiendelea. Mbwa akifa, daktari wa mifugo apashwe habari, ili ubongo upelekwe kupimwa katika maabara, kama ile ya Kabete. Mwenyewe asimkate mnyama huyo kichwa kwa panga lake, kwa kuwa kazi hiyo ina hatari.

Chanjo ya mbwa ndiyo mzizi

Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumdunga Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa siku 2 kabla. Mtoto yule akaishi. Tangu siku hiyo wanadamu wana silaha juu ya ugonjwa huu, na kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur, huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Lakini kumtibu aliyeumwa ni kuzima moto uliokwisha kuwaka. Kuchanja mbwa ni kuuzuia usiwake. Wataalamu wameona kwamba katika kijiji mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa mgonjwa mmoja kwa kawaida huambukiza mbwa mmoja au wawili tu kabla hajafa. Akikutana na waliochanjwa, mnyororo hukatika. Ila yapasa kurudiwa kila mwaka, kwa kuwa mbwa wazee hufa na vijibwa huzaliwa, na baada ya mwaka mmoja wale 7 huenda wakawa 4. Kuua mbwa wote wa kijiji hakufai kitu: wengine huja kushika nafasi zao, nao hawakuchanjwa.

Yanayosemwa hapa yamejaribiwa. Kisiwani Pemba, baada ya mbwa kuchanjwa kwa mpango, ugonjwa ulikoma kufikia mwaka wa 2014. Mwaka wa 2016 ukaletwa tena kutoka bara. Chanjo ikatiliwa nguvu, na kufikia 2018 ukakoma mara ya pili. Uingereza yenyewe iliuondoa mwaka wa 1902, ukarudi mwaka wa 1918 baada ya Vita Kuu kwa mbwa walioingizwa kwa siri, usiondoke hata mwaka wa 1922. Mwaka wa 2019 Meksiko ikathibitishwa kuwa nchi ya kwanza kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa. Basi ushindi wapatikana, lakini mlango ukiachwa wazi adui hurudi.

Kwa hiyo siku ya chanjo itangazwapo sokoni au shuleni, mpeleke mbwa wako, na vijibwa vyake, na paka pia. Mtoto asitumwe peke yake na mbwa watatu kwenye kamba moja; mtu mzima aende, mbwa afungwe vizuri. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na hati nyingine za nyumba. Usiku mbwa hulinda mali yako na watoto wako wakiwa wamelala; sindano moja kwa mwaka si ujira mkubwa kwa mlinzi wa namna hiyo.

Na kabla hujaufunua ukurasa ufuatao, jiulize: mbwa wangu alichanjwa lini? Kama hukumbuki, hilo ndilo jibu. Methali yasema, tahadhari kabla ya hatari. Na katika ugonjwa huu, baada ya hatari kuingia ubongoni hakuna tahadhari tena.